Askari na kipimo cha VVU: 'Hiari' inakuwaje mahali ambapo kila kitu ni amri?

Septemba 1986, mjini Harare. Fidel Castro anamvuta pembeni Yoweri Museveni, ambaye hata mwaka hajamaliza madarakani, na kumpa habari nzito: kati ya wanajeshi 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 wamekutwa na virusi vya UKIMWI.

Kisa hicho Museveni amekisimulia mara nyingi, na hutajwa kama kengele iliyoiamsha Uganda mapema. Kisichozungumzwa sana ni kwamba majibu ya damu ya askari wale yalijadiliwa na marais wawili. Ishu ya kupima jeshini iko hapohapo hadi leo: nani anayajua majibu?

Kwa raia mambo ni mepesi. Unaingia kituoni, unaongea na mshauri nasaha, unakubali au unakataa. Ukikubali, unatobolewa kidole na majibu unayapata ndani ya nusu saa hivi.

Askari naye hupitia hatua hizohizo, ila daktari wake amevaa sare kama yeye na pengine ana cheo kumzidi. Mkubwa akisema "kesho kikosi kizima kinapima", nani atanyoosha mkono kukataa?

Na siku hizi hofu kubwa si kufa, dawa zipo. Hofu ni kazi: kozi, kupanda cheo, na misheni za nje ambazo posho yake inajenga nyumba.

Zambia walifika mahakamani

Mwaka 2001, wanaume wawili waliokuwa wakilitumikia Jeshi la Anga la Zambia walipimwa VVU bila ridhaa yao. Wakaanzishiwa dawa za kufubaza virusi bila kuambiwa ni za nini. Mwaka uliofuata wakaondolewa kazini.

Mei 2010, Mahakama Kuu mjini Livingstone iliamua kwamba kumpima mtu bila ridhaa ni kuvunja haki zake, ikaamuru walipwe fidia. Hata hivyo, haikukubali kwamba waliondolewa kwa sababu ya VVU. Ushindi nusu, tuseme.

Kwenye ulinzi wa amani, Baraza la Usalama la UN lilihimiza ushauri nasaha na upimaji wa hiari na wa siri tangu Julai 2000, kupitia azimio namba 1308. Kwa sera ya UN, kuwa na VVU peke yake si sababu ya kumzuia askari kwenda misheni. Lakini nchi inayotoa askari ndiyo inayochagua nani anapanda ndege, na baadhi ya nchi hupima kwa lazima.

Tanzania, ambayo askari wake wamehudumu DRC na Afrika ya Kati, ina sheria ya mwaka 2008 inayokataza kumlazimisha mtu kupima VVU, isipokuwa katika mazingira machache kama amri ya mahakama.

Kwa nini siri ina faida hata kwa kamanda?

Fikiria askari aliyepima uraiani kwa kificho, akakutwa navyo, akaanza dawa kimyakimya. Anapangiwa miezi sita porini. Dawa alizobeba zinaisha mwezi wa tatu, na hawezi kuomba nyingine bila kujieleza. Virusi alivyokuwa amevifubaza vinapanda tena, na vinaweza kuwa sugu.

Angekuwa anaiamini zahanati ya kambi, angeondoka na akiba ya kutosha. Kamanda angeambiwa tu kwamba huyu anafaa kwa kazi au hafai. Ugonjwa gani, hayamhusu.

Tangu 2019 sheria ya Tanzania inaruhusu pia mtu kujipima mwenyewe, mfano kwa kijiti cha kupitisha kwenye fizi. Hapo hakuna wa kukuona. Ila kikionyesha una maambukizi, hayo bado si majibu ya mwisho. Lazima uende kituoni ukathibitishe, na kwa askari aliye kambini, kituo cha karibu mara nyingi ni kilekile alichokuwa anakikwepa.