Dhana za Kitoaji na Kipokezi katika Kemia: Mfano wa Kifungo cha Hidrojeni katika DNA

Mwaka 1923 zilitolewa fasili mbili za asidi ambazo, zikisomwa kwa haraka, zinapingana. Johannes Brønsted nchini Denmark na Thomas Lowry nchini Uingereza, kila mmoja kivyake, walieleza kuwa asidi ni kitu kinachotoa protoni, na besi ni kile kinachoipokea. Mwaka huohuo Gilbert Lewis wa Marekani alieleza kuwa asidi hupokea jozi ya elektroni, na besi ndiyo inayoitoa. Asidi ikawa kitoaji kwa fasili moja na kipokezi kwa nyingine, wala hakuna aliyekosea. Amonia inapokutana na asidi, jozi ya elektroni iliyo huru kwenye nitrojeni yake huikamata protoni. Anayehesabu protoni atasema amonia imepokea. Anayehesabu elektroni atasema imetoa. Tukio ni lilelile.

Kutokana na hali hiyo, istilahi "kitoaji" ikisimama peke yake haitoshi. Sharti itajwe kinachotolewa. Mwalimu anayeeleza mada hii kwa Kiswahili hukabiliwa na ugumu wa ziada, kwani neno lililozoeleka magazetini ni "mfadhili", lenye maana ya hisani. Atomi haina hisani. Katika silikoni inayotumika kutengenezea vifaa vya elektroniki, kwa mfano, fosforasi huitwa kitoaji kwa sababu tu ina elektroni tano za nje pale ambapo nne zinatosha, na boroni huitwa kipokezi kwa kuwa ina tatu.

Utata huu hujitokeza zaidi katika kifungo cha hidrojeni. Hidrojeni iliyoungana na atomi inayovuta elektroni kwa nguvu, kama vile oksijeni au nitrojeni, hubaki na chaji chanya kidogo, hivyo huvutwa na jozi huru ya elektroni ya atomi nyingine iliyo jirani. Upande wenye hidrojeni huitwa kitoaji na upande wenye jozi huru huitwa kipokezi. Hata hivyo, kwa kawaida hidrojeni haihami: kitoaji hubaki nayo, na kipokezi huikaribia tu. Zaidi ya hayo, elektroni huegemea upande wa pili, yaani kutoka kwa kile kinachoitwa kipokezi. Kwa fasili ya Lewis, majina yangebadilishana.

Uzito wa majina haya ulidhihirika katika maabara ya Cavendish, Cambridge, mwanzoni mwa mwaka 1953. James Watson alikuwa akijaribu kuoanisha besi nne za DNA kwa kufuata michoro ya vitabu vya wakati ule, ambayo iliweka hidrojeni kwenye oksijeni za guanini na timini. Kwa michoro hiyo alifikia wazo la kila besi kuungana na ya aina yake. Mkemia Jerry Donohue, aliyekuwa akifanya kazi katika chumba kimoja na Watson na Francis Crick, alimweleza kuwa michoro hiyo haikuwa sahihi: hidrojeni hukaa kwenye nitrojeni, na oksijeni hubaki wazi. Marekebisho hayo yanaonekana madogo, lakini yaliigeuza oksijeni kutoka kitoaji kuwa kipokezi, na nitrojeni jirani kutoka kipokezi kuwa kitoaji. Watson alipopanga upya vipande vyake vya kadibodi, adenini iliafikiana na timini, na guanini na sitosini, na jozi hizo mbili zikawa na umbo linalokaribiana sana. Vilevile zilieleza kwa nini Erwin Chargaff alikuwa amepata kiasi cha adenini kinacholingana na cha timini, na cha guanini kinacholingana na cha sitosini. Makala ya Watson na Crick ilitoka katika jarida la *Nature* tarehe 25 Aprili 1953.

Adenini na timini hushikana kwa vifungo viwili, kila besi ikitoa hidrojeni moja na kupokea moja. Guanini hutoa hidrojeni mbili na kupokea moja kutoka kwa sitosini. Watson na Crick waliihesabia jozi hiyo ya pili vifungo viwili tu. Cha tatu kilithibitishwa na Linus Pauling na Robert Corey mwaka 1956.

Umbo lililokuwa katika vitabu vya zamani, lakini, si la kubuni. Besi huweza kulichukua mara chache na kwa muda mfupi mno, na mwaka huohuo wa 1953 Watson na Crick walidokeza kuwa baadhi ya mabadiliko ya ghafla ya urithi huenda yakatokana nalo. Adenini ikiwa katika umbo lake adimu wakati DNA inanakiliwa, mahali palipokuwa na kitoaji hupata kipokezi, nayo huweza kuungana na sitosini badala ya timini. Kosa hilo lisiporekebishwa kabla ya DNA kunakiliwa tena, hurithiwa na seli zinazofuata.