Fahamu: Je, mzazi ampimie mtoto muda wa televisheni?

Ndiyo, hasa aliye mdogo. Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Shida kubwa ni vile anavyovikosa akiwa amekaa pale: usingizi, kukimbia na kucheza, na maongezi na watu wanaomjibu, ambayo ndiyo humfundisha kusema.

Mzazi wa Katanika, hapa Kalemie, anaweza kudhani hayo ni ya wenye umeme wa uhakika. Sivyo. Mtoto ambaye kwao hakuna televisheni huifuata kwa jirani au kwenye banda la video, na huko hakuna anayemchagulia filamu. Isitoshe, Katanika iliwapokea waliokimbia mapigano kati ya jamii za Watwa na Waluba. Mtoto aliyeona nyumba ikiungua asioneshwe tena bunduki za filamu usiku. Kwangu, hilo lina uzito zaidi kuliko hesabu ya saa.

Mama, baba, ulizeni anaangalia nini na nyumbani kwa nani, na televisheni izimwe mapema kabla hajalala.