Mbwa wa Mwenye Nyumba na Makombo Yetu

Ndugu zangu mliopanga vyumba kwa wenyeji hapa Uingereza, au mnaolipwa kutembeza mbwa kama mimi, hili linatuhusu. Kwetu mbwa hula mifupa na hakuna anayeuliza. Hapa usithubutu. Mfupa uliopikwa hukauka, na ukitafunwa hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Ule wa kuku ndio mbaya zaidi.

Lakini mimi naogopa zaidi gunzi. Tukichoma mahindi yetu wikiendi, mbwa hulinyakua akalimeza. Gunzi halisagiki tumboni. Huja kuziba utumbo mdogo, pengine baada ya siku kadhaa, watu wameshasahau. Tena kwenye eksirei halionekani vizuri kama mfupa, kwa hiyo mwambie daktari wa wanyama ukweli wote: kala nini, saa ngapi. Soksi nazo huziba vilevile (ndiyo, mbwa humeza soksi!).

Akitapika mara kwa mara, akakataa chakula, au akajikamua bila kupata choo, piga simu hapohapo. Usimtapishe mwenyewe, maana chenye ncha kitamkwaruza tena kikirudi. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni, usiuvute. Unaweza kumkata utumbo.

Na msidhani NHS inatibu mbwa. Upasuaji wa namna hii waweza kufika maelfu ya pauni, na asiye na bima hulipa mfukoni. Basi makombo ya pilau fungeni, tieni kwenye pipa lenye kifuniko.