Reli ya Uvira hadi Mutarule: juu ya ardhi au chini yake?

Miji mikubwa ya Afrika imebishana miaka mingi namna ya kuwaleta mjini watu wa pembezoni: reli nyepesi inayopita juu, kando ya magari, au treni inayochimbiwa njia chini ya ardhi. Cairo ilichimba, na treni yake ikaanza mwaka 1987. Algiers ikafuata 2011. Tunis ilichukua reli nyepesi mwaka 1985, Addis Ababa 2015. Sisi wa Uvira na uwanda wa Ruzizi, hadi Mutarule, tunahitaji usafiri wa watu wengi kama wao, na naona nusu ya jibu imeshatolewa na ardhi yenyewe.

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Watu wamejipanga kwa urefu, kutoka mpaka wa Kavimvira hadi bandari ya Kalundu, na barabara kuu ya RN5 ndiyo inayowabeba karibu wote. Mji wa umbo hili unafaa reli kuliko miji mingi iliyotawanyika, kwa kuwa njia moja tu inapita karibu na kila kartie. Lakini kuchimba hapa ni kutafuta maji. Ziwa lilipopanda 2021, na tena 2024, maji yaliingia majumbani bila mtu kuchimba hata shimo. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na madaraja na kuua watu wengi. Reli yoyote ya Uvira itapita juu, na gharama yake kubwa itakuwa kwenye madaraja ya mito inayoshuka milimani.

Tuje kwenye fedha. Reli nyepesi ya Addis Ababa, kilomita 34 hivi, iligharimu dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Ni karibu dola milioni 14 kwa kila kilomita. Reli ya kisasa ya Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, kilomita 282, ilisainiwa Januari 2025 kwa dola bilioni 2.15, yaani karibu milioni 7.6 kwa kilomita. Mpango wake mpana unataja kufika Uvira na kuendelea hadi Kindu. Handaki la mjini huzidi bei hizo mara nyingi. Addis inatufundisha pia kwamba kununua ni mwanzo tu: ilileta treni 41, na nyingi zililala karakana kwa kukosa vipuri, maana vipuri vinalipwa kwa dola na abiria analipa kwa birr. Kwetu abiria atalipa franga, na umeme wa kuendesha treni kutwa nzima hatuna.

Kwa mkulima wa Mutarule hesabu haifanywi kwa kilomita, inafanywa kwa gunia. Mama mwenye magunia matatu ya mihogo anasubiri lori la Fuso kando ya barabara tangu alfajiri. Likijaa, anatafuta motari, magunia yanafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, na yeye anafuata kwa pikipiki nyingine, nauli mbili kwa mzigo mmoja. Kwenye kila bariera kuna cha kutoa. Nyanya zilizochumwa jana hufika Uvira zimelainika, na mnunuzi anashusha bei kabla hazijateremshwa. Mvua ikikata njia, mzigo unalala. Na barabara hiyohiyo ndiyo inayopitisha mafuta: Julai 2, 2010, lori la petroli lilipinduka Sange, likawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Hao pia ni gharama ya kutegemea njia moja.

Vijana wengi hawajui kwamba uwanda huu uliwahi kuwa na reli. Wabelgiji walijenga Reli ya Kivu, CEFAKI, kutoka Kalundu hadi Kamanyola, kilomita zipatazo 90, ikafanya kazi tangu miaka ya 1930 na kufungwa kabla ya uhuru. Iliishia pale milima inapoanza. Mzigo wa Bukavu ulipaswa kupakuliwa Kamanyola na kupakiwa tena kwenye lori. Lori lililotoka Uvira moja kwa moja lilikwepa kazi hiyo, na sioni reli ingeshindaje hapo. Lakini kati ya Kalundu na Kamanyola ardhi ni tambarare, na tambarare ndiyo inayopunguza bei ya reli.

Mfano ninaoupenda ni wa Dar es Salaam. Oktoba 2012, Waziri wa Uchukuzi Harrison Mwakyembe alianzisha treni za pembezoni juu ya reli za zamani, moja kwenda Ubungo, nyingine ikipita njia ya TAZARA. Ni mabehewa ya kawaida yanayovutwa na injini ya dizeli. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe na kuijaza asubuhi na jioni. Dar iliweza kwa sababu njia ilikuwepo, na haikuwa imevamiwa yote.

Kwetu reli zimeondoka, na kuirudisha njia yote ya Kalundu hadi Kamanyola kwa bei ya Uvinza ni karibu dola milioni 680. Hakuna benki itakayotoa fedha hizo leo. Tangu Bukavu iangukie mikononi mwa waasi Februari 2025, uwanda umekuwa eneo la mapigano. Ila ukanda wa ardhi hauhitaji mkopo. Ofisi ya ardhi na machifu wa uwanda wanaweza kupima mita chache kando ya RN5, kutoka Kalundu kupitia Kiliba, Sange, Luberizi na Mutarule, waweke vigingi na wakatae kuuza viwanja ndani yake. Wakulima walime hapo mazao ya msimu kwa mkataba unaosema wazi kwamba nyumba haziruhusiwi. Kila daraja la RN5 litakalojengwa upya lichorwe likiwa na nafasi ya njia ya pili pembeni. Kazi ianzie upande wa Uvira, kwa sababu huko ndiko viwanja vinakwisha haraka.