Kuongeza nguvu za injini ya rota kwenye hewa nyepesi ya Mtinko

Gari likitoka Dar es Salaam likafika Mtinko, mkoani Singida, injini yake huwa imepungua nguvu hata kama hakuna fundi aliyeigusa. Uwanda wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hushuka kutoka kilopaskali 101 za pwani hadi karibu 85. Injini inavuta oksijeni pungufu, na isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Mwenye injini ya rota yenye tabo, kama 13B-REW ya Mazda RX-7, akitaka kuiongezea nguvu aanzie hapo kabla hajaagiza spea yoyote kutoka Japani.

Umuhimu wa tabo kwenye nyanda za juu ulionekana zamani katika mbio za Safari Rally nchini Kenya. Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda mara tatu mfululizo: Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen 1985, kisha Waldegård tena 1986. Gari hilo lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, huku Audi na Peugeot wakileta magari ya kuvuta magurudumu yote manne. Tabo ilifidia hewa nyepesi, lakini kilicholifikisha mwisho wa njia ile ndefu ya mawe na vumbi ni uimara.

Injini ya rota inadai tahadhari zaidi. Haina pistoni wala valvu. Ndani yake rota yenye pande tatu huzunguka katika chumba chenye umbo la ganda la karanga, na kila rota ikizunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu. 13B-REW, iliyotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002, ina rota mbili, tabo mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 1,308 tu. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba ya chuma, unene wake milimita 2, inayozuia gesi isivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Petroli ikilipuka kabla ya wakati wake, sili hiyo hupasuka, na kipande chake kinaweza kukwaruza chumba kizima na hata kuvunja mapanga ya tabo kikitoka kwenye eksozi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme pwani tabo inaongeza kilopaskali 70. Injini inapokea 171, yaani hewa imegandamizwa mara 1.7. Ili kuipa injini 171 zilezile pale Mtinko, tabo lazima iongeze 86, na mgandamizo unafika mara 2. Kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa iliyoingia na nyuzi 30 za Selsiasi hutoka na nyuzi kama 100 pwani, lakini Mtinko hutoka na 125. Nguvu ni zilezile, joto limezidi, na joto ndilo linalokaribisha mlipuko wa mapema.

Kwa hiyo mpango mzuri huanza na kipimo. Pima mgandamizo wa kila upande wa rota, pande zote sita, ukikumbuka kwamba kwenye mwinuko huu namba zitashuka kwa karibu sehemu moja ya sita bila injini kuwa na ubovu wowote. Kinachotisha ni upande mmoja kuachana sana na wenzake. Kisha shughulikia joto: rejeta, kipozea cha oili na kipozea cha hewa ya tabo. Katika injini hii oili hubeba sehemu kubwa ya joto, na kiasi kidogo chake huingizwa makusudi kwenye chumba ili kulainisha sili. Kupungua kwa oili si ugonjwa. Kusahau kuiongeza ndiyo hatari.

Baada ya hapo yafuate mafuta: pampu, nozeli, na kifaa cha kusoma mchanganyiko kwenye eksozi. Tabo inapofanya kazi, mafundi wengi hulenga gramu 11 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza chumba. Petroli ya kwenye chupa na madumu ya barabarani isitiwe kwenye tanki kamwe. Chujio la hewa nalo liwe zuri na lisafishwe mara kwa mara, maana vumbi la kiangazi husaga sili na mapanga ya tabo.

Tabo kubwa ije mwisho, na kompyuta ya injini irekebishwe papo hapo Singida, kwa hewa ya huko na petroli ya huko. Anayeanza na tabo akaahirisha upozaji hununua injini mara mbili, na katika kijiji kilicho mbali na maduka ya spea hizo, gari hilo linaweza kukaa juu ya mawe miezi mingi. Shilingi ya kwanza iende kwenye vipimo, ya pili kwenye kupoza, na nguvu zitakazopatikana zitadumu.