Upepo wa Sentimita 10

"Jana usiku ulikufa mara sita," mke wangu aliniambia huku akinimiminia chai. "Nimehesabu."

Hakuwa anatania. Nilikuwa nakoroma kama lori linalopanda mlima na shehena, mara kimya. Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Kisha nagutuka kwa mkoromo mmoja mzito, safari inaanza upya. Mimi sikukumbuka hata kimoja. Nilichokijua ni kwamba mchana nilikuwa nasinzia na spana mkononi.

Nilipopimwa usingizi Dar es Salaam, pumzi ilikutwa ikisimama au kupungua sana mara 34 kwa saa. Kusimama kunahesabiwa kukifika sekunde 10, na kuanzia mara 30 kwa saa madaktari wanauita ugonjwa mkali. Dawa yake, nikaambiwa, ni kulala na mashine inayosukuma upepo puani kupitia mpira na barakoa: sipapu.

Sasa mimi ni fundi pancha, Chumbageni, Tanga. Upepo ndio ugali wangu. Nikauliza, "Upepo kiasi gani, daktari?" Akasema 10 hivi. Nikacheka, maana tairi la gari dogo nalijaza 30. Kumbe kipimo chake kingine: ni sentimita za maji. Zamisha mrija sentimita 10 kwenye ndoo, upulize taratibu mpaka povu la kwanza litoke. Nguvu uliyotumia ndiyo hiyo. Upepo wa tairi langu unaizidi zaidi ya mara 200.

Lakini koo si tairi. Ukilala, misuli yake inalegea na ulimi unarudi nyuma. Ukivuta pumzi, kuta zinanywea ndani kama mrija wa karatasi uliolowa soda. Upepo mdogo unatosha kuzitenganisha. Mashine haikupumulii, wala haina oksijeni ya ziada, ingawa jirani zangu hawataki kuamini. Ni hewa ya chumbani kwangu, imepita kwenye chujio, basi.

Aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, mwaka 1980. Alichukua injini ya mashine ya kufyonza vumbi akaifanya ipulize. Mwaka uliofuata akachapisha matokeo ya wagonjwa 5. Kabla yake, mwenye ugonjwa mkali alitobolewa shingo ili hewa ipitie hapo. Nikikumbuka hilo, silalamikii mikanda ya barakoa, wala mpira unaogombana na chandarua.

Mashine za zamani zilipuliza kiasi kimoja usiku kucha. Yangu inajirekebisha, ndani ya mipaka aliyoiweka daktari, na hapo ndipo nilipoivulia kofia. Ndani ina vihisio viwili vya maana, kimoja cha mwendo wa hewa, kingine cha nguvu yake. Pumzi nzima ikichorwa inapanda na kushuka kama kilima cha mviringo. Koo likianza kubana, kilele kinakatika, kinakuwa bapa kama meza. Mkoromo nao unatikisa upepo ndani ya mpira. Mashine ikiona hayo inaongeza upepo kidogo kidogo, kabla koo halijaziba. Mimi nilidhani inangoja nikabwe ndipo inirushie upepo wa kuniokoa. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kuwahi.

Je, pumzi ikisimama kabisa? Hapo kuna mtego, kwa sababu pengine koo liko wazi ila ubongo haukutoa amri ya kuvuta. Upepo zaidi hausaidii hapo, unaweza hata kuzidisha tatizo. Mashine kama yangu inapeleka vitetemo vidogo, kama vinne kwa sekunde, kama mimi ninavyogonga tairi nisikilize. Hewa ikicheza navyo, njia iko wazi. Inaacha upepo ulivyo. Isipocheza, njia imeziba, na upepo unapanda taratibu ili tukio la pili lisitokee.

Barakoa ikivuja kupita kiasi, mahesabu yote yanayumba. Matundu yake madogo usiyazibe lakini! Ndiko inakotokea hewa chafu unayoitoa, na mashine imeshayapigia hesabu. Kuvuja ninakosema ni kule kwa pembeni, kwenye ndevu.

Tena mashine haijui kama umelala. Mwezi uliopita mtaalamu alisoma kadi ya mashine, idadi imeshuka hadi 3 kwa saa, akafurahi. Kisha akakunja uso. Usiku mmoja, saa 9 na dakika 12, koo liliziba sekunde 14, likafunguka, likaziba tena, na upepo ukapanda. "Mzee, siku hiyo ulilala chali?"

Nilikuwa macho. Nilisikia sufuria inaburuzwa uani, nikabana pumzi nisikilize, nikavuta kidogo, nikabana tena. Koo lilikuwa limezibwa kweli, na mwenyewe nililiziba. Alikuwa paka wa jirani, kwenye sufuria ya samaki.