Maneno ya Kupinda: Shina Moja na Matawi Yake

Mwanafunzi mmoja alikuwa akifasiri kitabu cha Kiingereza kilichoeleza habari za nuru. Alipofika penye neno "reflect", aliandika ya kuwa nuru ikifika juu ya kioo hutafakari. Wenzake wakamcheka sana, naye akainamisha kichwa kwa haya. Lakini kosa lake halikuwa la upumbavu. Alikuwa amelikariri neno lile kwa maana moja tu, pasipo kujua asili yake. Basi na tuitazame asili hiyo.

Maneno mengi ya Kiingereza yametoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Warumi walianza kuitawala Britania mwaka 43, lakini maneno yao hayakuingia yote wakati huo. Mengine yaliletwa na Kanisa, tangu Agostino na watawa wenzake walipofika Kent mwaka 597 kuhubiri Injili. Mengine yalipitia katika Kifaransa, baada ya Wanormandi kuishinda Uingereza mwaka 1066. Na mengine yalichukuliwa na wataalamu katika vitabu vya kale.

Katika Kilatini, "flectere" maana yake ni kupinda. Ukitia mbele ya shina hilo "re", yaani nyuma au tena, wapata "reflect": kupinda na kurudisha nyuma. Nuru ipigapo kioo hurudishwa nyuma. Vivyo hivyo mtu atafakariye huyarudisha mawazo yake nyuma, ayaangalie tena aliyoyaona au aliyoyatenda. Kumbe maana zile mbili ni ndugu wa tumbo moja!

Ukitia "de", yaani kando au mbali, wapata "deflect": kukipotosha kitu katika njia yake, kama ngao ipelekavyo mshale kando. "Flexible" ni kitu kiwezacho kupindwa kisivunjike, kama ufito mbichi. Neno hilo hutumika pia kwa nia ya mtu, nasi twalifahamu jambo hilo, maana wazee wetu walisema, Samaki mkunje angali mbichi. Tena Warumi waliliita goti "genu". Ndipo "genuflect" likawa kupiga goti, kama wafanyavyo watu wengi kanisani.

Shina la pili ni "plicare", maana yake kukunja. Kutoka shina hilo limekuja neno "complicate", yaani kukunja pamoja. Jambo lililokunjwa pamoja ni kama uzi uliotatana: ni vigumu kuuona mwanzo wake na mwisho wake.

Shina la tatu ni "arcus", maana yake upinde. Kwa hiyo "arch" ni jengo lenye umbo la upinde, kama yale madaraja ya mawe ambayo Warumi walikuwa mafundi hodari wa kuyajenga. Lakini neno "bend" lenyewe si la Kilatini. Ni neno la Waingereza wa kale, na zamani lilitumika kwa kutia upinde upote, yaani ile kamba yake. Sisi nasi tuna neno upinde, nalo limetoka katika kupinda. Watu waliokaa mbali sana walitazama silaha moja, na kila mmoja akaona mti uliopindwa.

Lakini jihadharini. Maneno husafiri, na safarini hubadilika. Shina lakuonyesha njia tu. Maana kamili utaipata katika sentensi unayoisoma. Ukikuta "reflect" penye habari za kioo, usimwendee mtu awazaye. Na ukikuta penye habari za mtu awazaye, usitafute kioo.

Mwanafunzi yule alipokwisha kuelezwa haya, alifuta jibu lake akaandika ya kuwa nuru hurudishwa nyuma. Baada ya siku chache alikuta katika kitabu chake neno "inflexible", ambalo hakupata kufundishwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "In ni kukanusha, na shina ni kupinda. Basi mtu huyu hapindiki. Hakubali kuigeuza nia yake." Safari hii hakuna aliyemcheka, bali wenzake walimwomba awaeleze amejuaje.